Milango Isiyo na Ukuta

Mikono iliyonivunja mkono ilinawa kwanza upande wa kushoto, kama kibao cha picha kilivyoagiza. Kisha upande wa kulia. Kisha mume wangu akakinga maji kiganjani, akasukutua, akatema pembeni kwa adabu, na mwisho akaisimamisha ile kata ya mwanzi ili maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini na kumsafishia mtu atakayekuja nyuma yake. Mtu huyo alikuwa mwanamke wa Kijapani aliyevaa koti la kijivu. Alimwona alivyofanya, akatabasamu, akainama. Leonsi naye akainama, chini zaidi yake. Mzee wa miaka sabini, mrefu, mwenye mvi safi, amesimama mbele ya hekalu la miungu asiyoijua, na hakuna kitu mwilini mwake kinachodai nafasi.

"Lete mikono, Mama Koku," akaniambia.

Nikampa. Alijua kwamba wa kushoto haupandi kupita bega, kwa hiyo akauinamia na kuumwagia maji taratibu palepale ulipo, kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Alijua kwamba haupandi. Kwa nini haupandi, hakujua.

Jina langu ni Adventina. Nilifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja. Leonsi alikuwa askari magereza, na katika gereza tulilokaa miaka ya mwanzo ya ndoa yetu, kwenye uwanda mkavu katikati ya nchi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwachapa waliohukumiwa viboko, kwa sababu alikuwa na mkono mtulivu. Mkuu wa gereza alimsifu hivyo mbele yangu, sebuleni kwetu, akinywa chai yangu: huyu mumeo ana mkono mtulivu. Kazi ile ina utaratibu. Mtu anafungwa kwenye fremu ya mbao, daktari anasimama kando, na mchapaji anahesabu kwa sauti, akipumzika kati ya kiboko na kiboko ili kila kimoja kiumize peke yake. Leonsi alirudi nyumbani na utaratibu huo kama wengine wanavyorudi na njaa. Kuanzia mwaka themanini na tatu mpaka tisini na nne alinipiga, na alikuwa ananihesabisha. Nisipohesabu kwa sauti, alirudia kutoka mwanzo.

Mwaka tisini na nne alihamishiwa ofisini, kwenye mafaili, akaacha. Hakutangaza, hakuomba radhi. Ilikuwa kama mtu mmoja ametoka kwa mlango wa nyuma na mwingine ameingia kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti kilekile, akavaa viatu vilevile, akauliza kama chai iko tayari. Huyu wa pili alikuwa mpole. Alinichotea maji. Alijifunza kusonga ugali mkono wangu ulipouma kwa baridi. Kuna asubuhi niliamka nikamtazama amelala, nikataka kumwamsha nimuulize mwenzake amekwenda wapi.

Nilimuuliza mara moja, mwaka elfu mbili na tisa, tukiwa tunachambua maharage.

"Baba Koku, unakumbuka ulivyonivunja mkono?"

Aliniangalia kwa mshangao ambao hauigiziki. "Mkono? Si ulianguka kwenye ngazi za kanisa?"

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia daktari mwaka themanini na tano, Leonsi akiwa amesimama nyuma yangu. Niliujenga uongo ule kwa ajili ya kumficha, naye akahamia ndani yake, akatundika mapazia.

Tangu hapo nikawa naishi na swali. Aliyesahau alichofanya, ndiye aliyekifanya? Nikimchukia huyu anayenichotea maji, namchukia mtu ambaye hakuwepo. Nikimsamehe, msamaha wangu unaingia nyumba isiyo yake, kwa sababu anayestahili kuupokea hana anwani. Na mimi je. Kama kumbukumbu iko kwangu peke yangu, nina ushahidi gani kwamba sikuitunga? Leonsi si mtu wa kusahau. Anakumbuka jina la mbwa wa gereza, anakumbuka mvua ilinyesha lini mwaka themanini na sita na nani alikunywa pombe ya nani. Ni kitu kimoja tu hakimo, na kitu hicho ni mimi. Kuna siku nilikaa kitandani nikaushika mkono wangu, nikajaribu kuziona zile ngazi za kanisa, na nikaziona. Niliona hata mahali nilipoteleza. Ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba mwenye nguvu ni yule anayepiga. Sivyo. Anayepiga anachoka mkono. Mwenye nguvu ni yule anayeweza kusahau, na baada ya kusahau akakusahaulisha.

Tulikuwa Japani kwa mwaliko wa binti yetu wa pekee, Kokugonza, anayefanya kazi kwenye maabara huko Osaka. Alituandikia ratiba ya wiki nzima kwenye karatasi: treni gani, jukwaa gani, hekalu gani, mji gani. Siku za kazi tungezunguka wawili, Jumamosi angetukuta. Koku alikuwa na miaka minne baba yake wa kwanza alipoondoka. Anamjua huyu wa pili tu, na anampenda, na ana haki ya kumpenda.

*

Siku ya pili ratiba ilitupeleka Nara, ambako kulungu wanatembea barabarani kama raia. Watu huwapa biskuti maalumu, na wao, kabla ya kupokea, huinamisha kichwa. Leonsi alifurahi mno. Aliinama, kulungu akainama, akainama tena, kulungu akainama tena.

"Mwone, Mama Koku," akasema. "Ana adabu kuliko watu."

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma na pakiti ya biskuti mkononi. Dume mmoja alinijia. Pembe zake zilikuwa zimekatwa kwa msumeno, zimebaki visiki viwili bapa. Hakuinama. Alinipiga kiunoni, nikaanguka kwenye kokoto, na kabla sijapata pumzi akanipiga tena, kisiki kikaingia kati ya mbavu. Nilisikia kitu ndani kikilia, kama ubao uliokanyagwa. Mguu wake wa mbele ulikuwa umenasa kwenye mkanda wa mkoba wangu, kwa hiyo hakuweza kuondoka na mimi sikuweza kutoka chini yake.

Leonsi alikuja na mwavuli uliokunjwa.

Alisimama, akaiweka miguu sambamba. Bega likashuka. Kiwiko, kisha kifundo.

"Moja."

Mwavuli ulitua mgongoni mwa mnyama, akaruka mzimamzima, mkanda ukamrudisha chini. Leonsi akasubiri. Alisubiri kwa muda uleule, muda ambao ngozi yangu inaujua kuliko inavyojua jina langu.

"Mbili."

Akasubiri.

"Tatu."

Kwenye cha nne vyuma vya mwavuli vilitoboa kitambaa vikachana shingo. Kwenye cha tano damu ilimtoka kulungu puani, ikanirukia shavuni, ya moto. Watu walikuwa wamesimama pande zote. Niliangalia viatu vya mume wangu vilivyokaa sambamba kwenye kokoto, na mwili wangu ukajikunja wenyewe, magoti kifuani, mkono mzima juu ya kichwa, na nikatambua kwamba midomo yangu inasogea. Nilikuwa nahesabu pamoja naye. Sita, nilisema, sauti zetu mbili kama moja, na hapo mlinzi wa bustani mwenye koti la kijani akafika mbio, akamkumbatia Leonsi kwa nyuma, akamvuta. Mkanda ukakatika. Kulungu akaondoka akichechemea, kichwa kikining'inia upande.

Leonsi akapiga magoti kando yangu. Uso ulikuwa wa yule wa pili, umejaa wasiwasi.

"Umeumia wapi? Usinyanyuke haraka."

"Ulikuwa unahesabu," nikasema.

"Nini?"

"Ulimhesabia. Mpaka sita."

"Sikuhesabu kitu, mke wangu. Nilikuwa namfukuza." Akanifuta damu shavuni kwa kidole gumba. "Umepata mshtuko."

Alimwinamia mlinzi mara nyingi. Aliinama hata kuelekea kule mnyama alikokwenda, na macho yake yakalowa. "Pole," alisema, kwa Kiswahili, akiiambia njia tupu. Neno hilo nilikuwa nimelingoja miaka thelathini na tisa, na aliyepewa ni kulungu.

*

Siku ya nne tulikwenda Hiroshima. Kuna jumba la kumbukumbu pale, na ndani yake kuna ngazi za jiwe zilizong'olewa mlangoni mwa benki. Asubuhi ya bomu mtu alikuwa ameketi juu yake. Jiwe lote lilibabuka kwa mwanga isipokuwa pale alipokuwa amekaa, kwa hiyo mtu hayupo na doa lake lipo, jeusi, la ukubwa wa mtu. Nilisimama mbele yake mpaka watu wa nyuma wakaanza kunipita. Nilikuwa nafikiri mambo yangu, na niliona aibu kuyafikiri mahali pale, lakini fikra haiombi ruhusa: huyu ameondoka akaacha doa, wangu amebaki akaondoa doa.

Leonsi alilia. Alilia mbele ya baiskeli ndogo ya mtoto iliyoungua, bila kujificha, mpaka mhudumu mmoja akamletea kiti. Niliyaonea wivu machozi yale. Sijui kama kuna wivu mbaya kuliko huo, lakini niliuona, niliushika, ulikuwa na uzito. Nilitaka kumshika shingo nimgeuze uso kwangu: hapa, lia hapa.

Kwenye treni ya kurudi alikaa dirishani, macho mekundu.

"Najiuliza," alisema, "waliofanya vile walilalaje baadaye."

"Walilala vizuri."

"Haiwezekani."

"Walisahau, Baba Koku."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemvumilia mwenye mbavu zilizofungwa bandeji. "Mtu hawezi kusahau jambo kama lile, Mama Koku. Hata akitaka."

Treni ilikuwa inakwenda kwa kasi hata nguzo za nje zilikuwa zimeungana kuwa ukuta. Niliangalia mikono yake juu ya magoti na nikajua nitampiga. Sikujua wapi wala kwa nini, nilijua kama unavyojua kwamba utatapika.

*

Siku ya tano ilikuwa siku ya mlima wa milango. Ni nje kidogo ya Kyoto. Milango myekundu inapanda mlimani, maelfu, nguzo mbili na boriti mbili juu, nguzo mbili na boriti mbili juu, imekaribiana kiasi kwamba ukiingia unatembea ndani ya utumbo mwekundu wenye michirizi ya mwanga. Hakuna ukuta kati yake. Hakuna bawaba. Ungeweza kutoka kando wakati wowote ukatembea msituni, na hakuna anayefanya hivyo. Mlango usio na ukuta haukuzuii chochote, unakuomba tu ukubali kwamba kabla yake ulikuwa mahali pengine.

Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Nilichukua fimbo ya mwanzi kwenye kapu la wageni pale tulipofikia, kwa ajili ya mbavu zangu. Leonsi alitangulia. Chini kulikuwa na umati, lakini kadiri tulivyopanda watu walipungua, wengi waligeuka kwenye kituo cha kwanza, na baada ya saa moja tulikuwa wawili peke yetu, yeye mbele, mimi nyuma.

Ninachosimulia sasa nilikiona. Kwenye kona ya kwanza mgongo wa Leonsi ulinyooka. Nilidhani ni ngazi zimekuwa laini. Kwenye kona ya pili mvi zilikuwa zimepungua kisogoni, na nilipohesabu milango hamsini mingine hazikuwepo. Koti lake la mvua, la bluu, likawa linaelekea kahawia, kisha likawa kaki, likawa na mikunjo ya pasi. Viatu vikaanza kutoa mlio wa buti. Nami nilikuwa nasikia mbavu zikiacha kuuma, magoti yakiachia uzee wake, na bila kufikiri nikainua mkono wa kushoto kugusa boriti ya juu. Ulipanda. Ulipita bega, ukapita kichwa, nikagusa rangi nyekundu yenye unyevu kwa ncha za vidole. Nikajua tumefika wapi. Tulikuwa kabla ya Agosti ya themanini na tano, mwezi aliouvunja.

Akageuka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, shavu limenyolewa, na uso ambao nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliutunga.

"Adventina, mbona unachelewa?"

Hakuniita Mama Koku. Koku alikuwa hajazaliwa.

"Leonsi," nikasema, "unanijua?"

"Nakujua. Wewe ndiye uliyecheka mbele ya mkuu wangu."

Ndiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya siku ile ya mkono, nilikuwa nimeisahau mimi mwenyewe. Mkuu wa gereza alimwaga chai kwenye suruali yake, nami nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na ilichekesha.

Nikaweka miguu sambamba. Nikashusha bega.

"Moja," nikasema, na nikampiga na ule mwanzi begani.

Nikasubiri, kwa sababu nilifundishwa na fundi. Kila kimoja kiumize peke yake.

"Mbili." Pajani. "Tatu." Mgongoni, alipokuwa amejigeuza. Sauti ya mwanzi juu ya nguo iliyolowa ni sauti nene, na ilikwenda mbele yetu mlango kwa mlango, ikapanda mlima. Sitadanganya, ilikuwa raha. Ilikuwa raha iliyoanzia kwenye nyayo. Nilielewa kwa nini alikuwa anarudi nyumbani mapema. "Nne." Kwenye cha tano mwanzi ulipasuka, kipande kikachana sikio lake, damu ikashuka ndani ya kola. "Sita," nikasema, nikalenga uso.

Cha saba alikidaka. Mkono wake wa pili ulitoka palepale ulipokuwa ukitoka siku zote, chini, kama unaokota kitu, ukanifika mdomoni. Nguzo ya mlango ilinipokea kisogo. Jino likapita kwenye mdomo wa chini, nikalisikia likitokea upande wa pili, na kabla sijateleza mpaka chini akanishika shingo ya gauni akanisimamisha, akanipiga tena, mara hii tumboni, na bandeji zangu zikafunguka ndani ya nguo, na mbavu zikarudi kuuma zote kwa pamoja. Nikaanguka kwenye ngazi. Akanisimamia. Akainua ngumi.

"Hesabu," akasema.

Ngumi haikushuka. Ilibaki hewani, na nilikuwa naiangalia ilipoanza kuzeeka. Mishipa ilitokeza. Ngozi ikalegea kwenye vifundo, madoa ya uzee yakarudi moja moja.

"Hesabu," alirudia, polepole, kama mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe.

Koti lilikuwa bluu. Mvi zilikuwa na damu. Alikaa kwenye ngazi, hatua mbili chini yangu.

"Nimekumbuka," alisema.

"Umekumbuka nini?"

"Mkono. Ulikuwa umejikinga kwa sufuria. Nilikunyang'anya sufuria kwanza." Akashika ukingo wa ngazi. "Jiko la mafuta ya taa. Meza uliyofungwa. Mimba ya kwanza, mwezi wa tano." Alikuwa anasema bila kuniangalia, na kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kilipotoka nilisikia kitu kinanitua mgongoni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimetamani. Nilikuwa nalia damu na mate na nilikuwa karibu na furaha. Kisha akasema, "Na lile shimo."

"Shimo gani?"

Hapo akaniangalia. "Hulijui."

"Shimo gani, Leonsi?"

"Jumapili moja, themanini na saba. Ulipiga kichwa kwenye kizingiti. Hukupumua. Niliweka kioo puani, hakikupata ukungu."

"Nilizimia tu."

"Mimi niliona umekufa. Watu wote walikuwa kanisani. Nikaenda nyuma ya jiko nikaanza kuchimba. Nilikuwa nimefika kiunoni niliposikia unakohoa ndani." Alifuta uso kwa kiganja, damu ikaenea. "Nikafukia. Nikapanda mpapai ili udongo usionekane mpya."

Nilikumbuka ule mpapai. Ulizaa sana. Nilimwachisha Koku ziwa kwa mapapai yale, nikiyaponda kwa kijiko, na majirani walikuwa wanakuja kuomba mbegu.

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye ninayehifadhi kila kitu na yeye hana kitu. Kumbe kulikuwa na asubuhi nzima ya maisha yangu ambayo sikuwemo. Nilikuwa maiti, na aliyekuwa macho ni yeye peke yake, na jembe. Kama angesahau mpaka mwisho, ningeishi na kufa bila kujua kwamba nilishazikwa nusu. Nilitaka kumbukumbu yake irudi. Ilikuwa imerudi, na ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Akaokota kile kipande cha mwanzi akaninyooshea, mpini kwangu.

"Endelea," akasema. "Sitadaka."

Nilikipokea. Nilikishika muda fulani. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshashuka mahali pake pa kila siku, na nilikuwa nimechoka, na sikutaka tena raha ile iwe ndani ya mwili wangu hata kidogo. Nikakiweka chini.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Hilo usiniulize mimi."

Nikampita nikaendelea kupanda.

*

Kileleni hakuna kitu. Mawe machache yaliyovalishwa vitambaa, mishumaa chini ya paa dogo, wanandoa vijana wanapigana picha. Waliniona, wakashusha simu. Nikawapita. Njia inazunguka kilele na kukurudisha palepale, na nilipofika kwenye zile ngazi Leonsi hakuwepo. Mvua ilikuwa inaosha damu na kuipeleka chini, hatua kwa hatua, na sikuweza kujua ipi yake ipi yangu.

Niliteremka kwa saa nzima nikishika nguzo. Nilifikiria kwamba labda amejitupa mahali. Nilifikiria Jumamosi, ambayo ilikuwa kesho, na Koku akishuka kwenye treni na mwavuli mpya wa baba yake. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba ule wa zamani umevunjwa na upepo.

Chini kabisa, mbele ya duka la sanamu za mbweha za udongo, mwanamke mzee alikuwa anafagia majani yaliyolowa. Aliinua macho akaona mdomo wangu. Aliegemeza ufagio, akanishika kiwiko bila kusema neno, akaniongoza barabarani, akisimamisha magari kwa kiganja. Mkono wake ulikuwa mdogo na mgumu. Alinipeleka mpaka kwenye kituo kidogo cha polisi karibu na stesheni, chumba kimoja chenye mlango wa kioo.

Leonsi alikuwa ndani.

Alikuwa ameketi wima, viganja juu ya magoti. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai na ramani ya mji iliyotandazwa, na askari wa makamo mwenye miwani alikuwa anaichorea duara kwa kalamu nyekundu, hoteli hii, au hii, au hii. Mume wangu alikuwa anamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya taarifa, ile ya askari mbele ya mkubwa wake:

"Nimempiga mke wangu. Nimempiga mke wangu."

Askari aliitikia kwa kichwa, kwa huruma, akachora duara jingine. Sikioni mwa Leonsi walikuwa wamembandika plasta.

Yule mwanamke alisema maneno machache ya haraka. Askari akanigeukia, akauona uso wangu, akasimama. Akachukua simu yake, akaongea nayo, na simu ikasema kwa Kiswahili cha kike kisicho na pumzi:

"Bibi mheshimiwa. Mzee huyu amepoteza njia na ameanguka. Je, na wewe umeanguka? Je, wewe ni familia yake? Anasema nini?"

Leonsi aliniangalia, na sikuona ombi machoni mwake. Ningeweza kusema ni wangu, amepotea, tumeteleza mlimani, tunashukuru kwa chai. Tungetoka pale tumeshikana mikono, na kesho yake Koku angempata baba yake bila pengo, na jambo lote lingebaki kati ya watu wawili, mahali ambapo lilikuwa limekaa siku zote na kunenepa. Nilisikia jinsi lingekuwa rahisi. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, maneno mawili matatu tu yangetosha.

Niliivuta simu karibu.

"Hajapotea," nikasema. "Anakwambia kwamba amenipiga. Ni kweli. Na mimi nilimpiga yeye kwanza, leo, kwa fimbo, mara sita. Andika vyote."

Simu ikafikiri, ikasema kwa lugha yao. Yule mwanamke mzee akashika mdomo. Askari akaikunja ramani, kwa uangalifu, kufuata mikunjo yake, akaiweka pembeni. Akatoa karatasi yenye mistari. Akavuta kiti kwa ajili yangu, si kando ya Leonsi, ng'ambo ya meza. Akaongea na simu.

"Hii ilitokea leo peke yake?" simu ikauliza.

"Hapana," nikasema. "Nianze na ya kwanza?"

Askari akaitikia kwa kichwa, akafungua kalamu.

Nilianza na mwaka themanini na tatu. Nilisema sentensi moja moja, fupi, kama nilivyosomea imla darasani, ili simu isinipoteze, na askari aliandika kila mstari wake mpaka mwisho kabla ya kuniashiria niendelee. Ilichukua mchana wote. Kulikuwa na sehemu ambazo hazikuwa zangu, na nilipofika hapo nilinyamaza, na Leonsi akazisema mwenyewe. Na mahali nilipokosea mwaka, alinisahihisha.